Bamba la Arobaini na Saba

Bibi yangu Sikudhani, wa Dunda, Bagamoyo,
hajawahi kununua kikaango.
Chapati zake huivia juu ya bamba la chuma
lenye matundu ishirini na mawili ukingoni,
yamepangana kama meno ya maziwa.
Mafuta yakizidi hupenya humo,
makaa yanafoka chwii,
naye husema: "Haya, meli imevuja."

Nilicheka miaka mingi kabla ya kuuliza: meli gani?

Shuleni, mwalimu Ngasa alituchorea meli za moshi,
zile za mwanzo kabisa, za mito ya mbali,
enzi ambazo babu wa babu zetu hawajatahiriwa:
bomba limesimama katikati kama mnara,
magurudumu ubavuni yakiyapiga maji makofi.
Watu walijaa ukingoni wakazomea,
birika hilo, birika linaogelea!
Nalo likapanda mto likiubishia mkondo,
bila tanga, bila kasia,
bila kumpigia mtu hodi.
Mengine yalipasuka. Mvuke, alisema, hauna subira:
ukiunyima mlango unatoka na ukuta.

Nikanyoosha mkono: na huku kwetu zilipita mto gani?
Akafuta ubao kwanza.
"Huku kwetu meli ilipita kichwani."

Ilishuka forodhani ndani ya masanduku,
imekatwa slesi slesi kama boflo,
kila kipande na namba yake,
kila namba na utosi wake.
Kapaya, babu yake bibi, mtu wa Unyanyembe,
akapewa arobaini na saba,
frasila mbili kasoro kidogo.
"Nabeba nini?"
"Ubavu."
"Wa nini?"
"Wa mnyama anayekula kuni. Twende."

Mto Kingani, meli ikavushwa kwa mtumbwi.
Usome tena mstari huo, mimi bado haunitoki:
meli ya moshi, vipande vipande,
ikavushwa kwa mtumbwi.
Mvua ikinyesha bamba lilikuwa mwavuli;
jua likiwaka, tanuri, na kichwa ndio mkate.
Ugogo ikalipa hongo, doti la merikani kwa kisima,
meli nzima inanunua maji ya kunywa!
Na Marenga Mkali, nyika isiyo na umande wa kulamba,
aliyebeba arobaini na nane akakaa chini.

Aliitwa Lugendo. Walitoka kijiji kimoja.
Mabamba yao yalikuwa majirani, tundu kwa tundu;
huko ziwani ribiti moja ingeyashona yote mawili.
Msimamizi akafungua daftari,
akaandika: 48, apewe mwingine.
Daftari halikuwa na safu ya majina.

Usiku ule Kapaya akageuka, na mzigo wake kichwani.
Kwa nini hakuutupa?
Bibi anasema ulikuwa mshahara.
Siku nyingine anasema ulikuwa ushahidi.
Siku nyingine ananiambia nikande unga, niache maneno.

Wanasema meli ilielea, hatimaye,
na kiraka cha mbao ubavuni,
na mtoto mmoja aliyeajiriwa kufua maji
mahali pale pale, kila siku.
Sina hakika. Ningependa iwe kweli.

Mwaka jana walikuja watu wawili wa mambo ya kale,
viatu safi, tepu ya kupimia.
Bibi akaligeuza bamba kwa kitambaa:
nne bado inasomeka,
saba imebaki mkia.
Wakataja bei. Wakaiongeza.
Akalirudisha jikoni, akamimina mafuta,
akatandaza chapati ya wageni.

"Na lile la arobaini na nane," akauliza, "mnalo?"

Wakatazamana. Mmoja akaanza kupekua karatasi zake.
Tone likapenya tunduni.
Chwii.